Dresa na Watu Waliochoka Kuishi

Neno la kwanza nililomsikia Dresa akilisema lilinifanya niangushe beseni la maji.

Nilikuwa na siku mbili tu katika kazi ya uaya pale zahanati ya Ruangwa. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na sita, na nilidhani kazi yangu ingekuwa kufagia, kuchemsha sindano na kufua vitambaa vya vidonda. Asubuhi ile mwanamke kutoka Nkowe aliletwa na wakwe zake, wamemshika mikono huku na huku kama wanampeleka barazani kushitakiwa. Mama mkwe wake alisema mwanamke huyu siku hizi anazungumza maneno mabaya, na jana wamemkuta na kitu ambacho yeye hawezi kukitaja.

Dresa, tabibu msaidizi aliyesimamia zahanati ile, alikuwa anamfunga mtu kidonda cha mguu. Alimaliza, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaja akaketi sakafuni mbele ya yule mwanamke. Yeye, mtumishi wa serikali mwenye kaptura iliyopigwa pasi, aliketi chini, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za shambani:

"Mama, unataka kujiua?"

Hapo ndipo beseni liliponitoka. Mama mkwe akapiga kelele, "Astaghfirullah! Wewe mtu gani? Unamfundisha?"

Dresa hakugeuka. Alimngoja yule mwanamke. Na yule mwanamke, ambaye tangu aingie hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Ndiyo."

"Lini?"

"Leo jioni. Watoto wakishalala."

"Kwa nini wakishalala?"

"Wasione."

"Sawa," Dresa akasema. "Basi tuna muda mpaka jioni. Hebu niambie imeanzaje."

Beseni nililiacha palepale lilipoangukia. Kwetu neno lile halitajwi. Mtu akijiua husemwa amekufa vibaya, na ukipita karibu na nyumba yake unakaza mwendo. Mimi niliamini, kama watu wote, kwamba kulitaja ni kuliita. Na huyu hapa alilitaja mchana kweupe, akauliza na saa yake.

Walizungumza mpaka adhuhuri. Yule mwanamke alikuwa amezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja, na nyumbani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba yeye ndiye anayewala. Dresa alimwita mume wa yule mwanamke kutoka nje, akamweleza mbele ya mama yake mzazi kwamba watoto walikufa kwa homa, kwamba yeye mwenyewe aliwaona, na kwamba kama mtu yeyote atarudia yale maneno ya uchawi, aje ayaseme hapa, amtazame yeye usoni. Kisha akapanga nani atalala na yule mwanamke chumbani kila siku, na nani atamleta zahanati kila Ijumaa. Ijumaa aliyoikosa, Dresa alipanda baiskeli kumfuata.

Mwanamke yule alizeeka. Nimemwona mwenyewe akicheza ngoma kwenye unyago wa mjukuu wake.

*

Jina halisi la Dresa nililijua, maana liliandikwa kwenye kitabu cha kazi, lakini sikumbuki kama niliwahi kulitamka. Watu wote walimwita Dresa, hata msikitini, hata watoto wa jirani yake. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na masikio yaliyosimama kama ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Nachingwea, wakati wa yale mashamba makubwa ya karanga, wanaume walipomiminika kutoka kila upande na matrekta yakalima mpaka ndege wakahama. Kule ndiko alikojifunza ile kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyemtuma.

"Nachingwea nilimwona mwanaume anayeweza kung'oa kisiki kwa mikono," aliniambia siku moja tukiwa tunakunja bendeji, "halafu asubuhi hawezi kuinuka mkekani. Hana homa, hana kidonda. Nilimpa kwinini. Nilikuwa sijui kitu kingine cha kumpa. Baadaye nikaketi naye tu, basi, nikaona kuketi kunamsaidia kuliko kwinini."

Alikuwa na desturi zake. Hakumwahidi mtu yeyote kwamba atamtunzia siri zote. Mgonjwa akisema, "Dresa, nitakueleza, ila usimwambie mtu," yeye hujibu, "Nitatunza zote, isipokuwa ile itakayokuua." Wengine walikasirika wakaondoka. Wengi wao walirudi.

Desturi yake nyingine ilikuwa kuomba. Mtu akishamaliza kueleza, Dresa hunyoosha mkono na kusema, "Kile kitu ulichokiandaa, nipe mimi nikuwekee." Nao walikuwa wanakileta, siku ileile au kesho yake. Mara ya kwanza aliponituma stoo kutafuta mafuta ya taa, nilifungua sanduku la mbao nikidhani ni la vyombo, nikakuta kamba, visu, chupa zilizofungwa kwa kitambaa. Kila kimoja kilikuwa na kijikaratasi chenye jina la kijiji. Nililifunga lile sanduku, nikatoka nje nikasimama juani mpaka mwili ukapata joto. Vijiji vyote nilivyovijua vilikuwa mle ndani. Na kile nilichozaliwa pia.

Alikuwa mtu wa swala tano, lakini hakumtishia mgonjwa kwa moto hata siku moja. Hilo lilinisumbua. Nikamwuliza, "Bwana Dresa, kwani si dhambi?"

"Ni dhambi, Mama Somoe."

"Sasa mbona huwaambii?"

"Wote wanaokuja hapa wanalijua hilo kabla hawajatoka kwao. Mimi nikilirudia, nitakuwa nimewaongezea nini?"

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu kwa mambo madogo. Ukiacha kifuniko cha chupa wazi, atakufokea mbele ya wagonjwa mpaka utamani ardhi ipasuke. Alimwogopa jongoo. Mtu huyu aliyepasua majipu makubwa kama chungwa bila kukunja uso, siku moja nilimkuta amepanda juu ya benchi, ameshika ufagio, anamwomba mzee mwenye mguu mbovu amwondolee jongoo mlangoni. Na alichukia kushukuriwa. Watu walileta kuku, mihogo, bakuli la asali. Alipokea kwa shida, na yeyote aliyeanza kusema "Dresa, umeniokoa" alikatizwa palepale na kuambiwa aende nyumbani. Nilidhani ni unyenyekevu. Niliwaambia watu hivyo.

*

Siku zile mtu aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji. Akipona, anashitakiwa. Nilikuwa sijui hilo mpaka alipoletwa mvuna asali mmoja kutoka Mnacho, amebebwa kwenye machela, shingo imevimba. Dresa alimhudumia siku tatu. Siku ya nne akaja tarishi wa baraza, amevaa kofia yake nyekundu, ana swali moja tu: mtu huyu amepatwa na nini?

Lazima nieleze Dresa alikuwa mtu gani na kalamu. Ndugu wa jumbe, mkuu wa kijiji, aliwahi kumwomba abadilishe tarehe moja kitabuni, tarehe moja tu, ili akwepe kazi ya barabara. Dresa alimfukuza kama mwizi. Alisema kitabu cha wagonjwa ni kiapo. Kwa hiyo nilikaa nikijua tarishi atajibiwa ukweli, na moyo uliniuma kwa ajili ya yule mtu wa Mnacho.

"Ni mrina asali," Dresa akasema. "Alikuwa juu ya mti, kamba ya kupandia ikamteleza ikamnasa shingoni."

Tarishi akatazama kitabu. Ndivyo kilivyoandikwa, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri. Akaondoka.

Nilingoja mpaka tarishi akapotea barabarani, ndipo nikasema, "Umesema uongo."

"Nimesema."

"Na kitabuni."

"Na kitabuni pia. Ukitaka kumfuata, bado hajafika mbali. Sitakulaumu."

"Lakini wewe mwenyewe..."

"Mtu huyu alitaka kufa kwa sababu anaona aibu," alisema. "Nikimpeleka akasimame mbele ya watu, nitakuwa nimemtibu nini?" Kisha akachovya kalamu, akaendelea kuandika mambo mengine. Baada ya muda mrefu akainua kichwa. "Ila uongo ni uongo, Mama Somoe. Usije ukasema Dresa amekufundisha jambo zuri."

*

Wapo aliowakosa. Nitamtaja mmoja, maana huyo nilimjua.

Alikuwa kijana aliyefanya kazi ya kuendesha trekta Nachingwea. Mashamba yale yalipopunguzwa, wengi walirudi makwao, naye akarudi Ruangwa akiwa na koti zuri na hana la kufanya. Alikuja kwa Dresa mara mbili. Mara ya pili walicheka pamoja, niliwasikia. Mara ya tatu alikuja siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa mpaka barazani, ndui inasemwa iko jirani, Dresa anachanja tangu alfajiri. Kijana alisimama mlangoni. Dresa akamwona, akamwambia, "Ndugu yangu, njoo kesho asubuhi, nitakuwa peke yangu." Kijana akasema, "Haya." Akaondoka.

Hakufika kesho yake.

Habari ilipoletwa, Dresa alikuwa amekwisha kumwandalia kigoda. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka mezani, akaenda msibani. Mimi nikamfuata.

Kule tulikuta watu wamekaa mbalimbali, hakuna anayemsogelea maiti. Mwalimu wa madrasa, mtu mwema kabisa, aliyekuwa amemfundisha yule kijana kusoma, alikuwa analia huku anasema hatasimama mbele kumswalia. "Nyinyi mswalieni," alisema, "mimi siwezi kuwa imamu wake. Vijana watajifunza nini?"

Baba yake kijana aliinamisha kichwa. Wanaume walianza kuondoka mmojammoja.

Dresa akasimama katikati ya uwanja. "Sikilizeni," alisema. "Huyu alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa kichwani, nao ulikuwa unamwua tangu mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyekuwa namtibu. Jana alikuja kwangu nikamwambia arudi leo. Kama mnatafuta wa kumlaumu, msihangaike, nipo hapa."

Nilimtazama mama wa yule kijana. Alikuwa anamtazama Dresa kwa macho ambayo siwezi kuyaeleza, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amejua kwamba mwanawe aliomba msaada.

Dresa alimwosha yeye mwenyewe, na baba mtu akishika maji. Walipopanga safu walikuwa wanaume watano. Dresa akatangulia. Walipofika kwenye dua, nikaona safu imeongezeka mtu wa sita: mwalimu wa madrasa, pembeni kabisa, machozi yanamtoka.

Tangu siku ile Dresa hakumwambia mtu yeyote arudi kesho. Hata awe na watu hamsini. Alimkalisha mtu huyo karibu na miguu yake, akaendelea na kazi huku anazungumza naye.

*

Kwa hiyo mtaelewa mshtuko wangu juu ya mzee wa Nandagala.

Mzee huyu alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alikwisha kumwona na kusema utamwua, labda akipasuliwa mbali huko ataongezewa miezi. Wanawe walitengeneza machela wampeleke. Mzee akakataa. Hakuwa na sauti, alikataa kwa mkono. Wanawe wakaja kumchukua Dresa, wakiamini kwamba mtu anayewazuia watu kufa hakika atamlazimisha baba yao.

Dresa aliketi na mzee karibu nusu siku, wao wawili tu, akimwuliza na mzee akijibu kwa vidole. Akatoka, akasema, "Mwacheni."

Mwana mkubwa alimrukia. "Mwacheni vipi? Si ndiyo kujiua huko? Wewe si ndiye uliyeficha kamba za watu?"

"Baba yako hajitafutii kifo," Dresa akamjibu. "Kifo kimekwisha kumfikia nyumbani. Anachokataa ni kukimbizwa nacho barabarani. Anataka afie kwenye mkeka wake, anawasikia mkizungumza. Hilo ni lake."

Mpaka hapo nilidhani nimemwelewa mtu yule: kwake uhai ni uhai, lazima ushikwe kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa na mstari wake, na mimi sikuwa nimeuona.

Akaenda Nachingwea kwa baiskeli, akarudi na dawa ya maumivu aliyoruhusiwa na daktari, chupa ndogo ya kahawia. Alimpimia mzee mwenyewe, asubuhi na jioni, na chupa ilikaa kwenye kabati letu la dawa kali. Funguo zilikuwa mbili. Moja yake, moja yangu.

Siku ya sita mzee aliomba jingine. Alishika mkono wa Dresa, akaonyesha chupa, akaonyesha mdomo wake, akafumba macho. Hata mtoto angeelewa.

"Hapana, mzee wangu," Dresa akasema. "Maumivu nitayafukuza kila yanaporudi. Nitakaa hapa. Lakini hilo hapana."

Mzee akageuza uso ukutani.

Kesho yake mchana mke wa mzee alikuja zahanati Dresa akiwa hayupo. Aliniita kando, akanishika magoti. "Mwanangu, una ufunguo. Mimi nimeishi na mtu huyu tangu nina matiti madogo. Nisaidie asiteseke. Hakuna atakayejua."

Nilifungua kabati. Naliandika hili nikiwa mzee, na mkono bado unasita. Nilitoa chupa, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikatoka pamoja naye. Tulikuwa tumefika kwenye njia ya kwenda Nandagala tulipokutana na Dresa akirudi na baiskeli. Akatutazama. Akaangalia mkono wangu ulivyobana pindo. Nikajua anajua.

Hakupiga kelele, mtu huyu wa kupigia kelele vifuniko. Alilaza baiskeli majanini, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaiangalia ile chupa kama mtu aliyekutana na mtu wanayefahamiana.

"Mama Somoe," alisema polepole, "wewe umemwonea huruma nani?"

"Mzee."

"Haya. Twende kwa mzee, basi. Wote watatu. Tukae naye."

Tukaenda. Alikaa pale siku tatu, akitoka tu kwenda kuswali na kuhudumia watu zahanati. Alimpimia dawa kwa kipimo, akamgeuza, akamlowesha midomo kwa pamba. Siku ya tisa mzee alikata roho wanawe wakizungumza juu ya ufuta, mkewe ameshika unyayo wake. Sikuwahi kushitakiwa. Ufunguo wangu hakuninyang'anya. Hilo lilinichoma kuliko angeniadhibu.

*

Baadaye nilipelekwa mafunzoni, kisha nikapangiwa kazi Nachingwea. Kwa mshangao wangu watu wakaanza kuniletea wale waliochoka kuishi, kwa kuwa nilitoka kwa Dresa. Nilifanya kama yeye. Niliketi chini, niliuliza wazi, niliomba kile walichoandaa. Kila nilipokwama nilijiuliza Dresa angesema nini.

Zikanifikia habari kwamba moyo wake umeharibika, ameacha kazi, amerudi kwao Matambarale kwa dada yake mkubwa. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda lori mpaka Ruangwa, kisha nikakodi baiskeli.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba mpaka kung'aa, anahema kwa shida. Dada yake, mama mrefu aliyenyooka, alinikaribisha kwa furaha, akanipa maji, akarudi jikoni kutwanga mtama. Tulizungumza habari za watu. Nilimweleza wagonjwa wangu. Alisikiliza yote. Kisha, nikisahau kwamba alichukia kushukuriwa, nikaanza kumshukuru.

"Nyamaza," alisema. "Nyamaza, Mama Somoe. Sikuwahi kukwambia habari za mama yangu."

Akaniambia. Aliniambia akitazama kuta za nyumba ileile mama alimofia.

Ilikuwa mwaka alioanza kazi Nachingwea. Mama yake aliugua tumbo, likavimba, akawa analia kwa maumivu, analia mpaka majirani wanaziba masikio. Yeye alikuwa akija na dawa kutoka kazini. Asubuhi moja dada yake alikuwa ametoka. Mama alianza tena kulia.

"Nilimpa dawa yote," alisema.

Nikasikia kinu jikoni, twa, twa, twa. Nikajikuta nimesimama, wala sikumbuki nilivyoinuka.

"Alikuomba?" Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Hapana."

"Hakusema amechoka?"

"Hakusema kitu cha namna hiyo hata siku moja. Mimi ndiye niliyechoka. Nilichoka kumsikia. Nikajiambia namwonea huruma."

Nilitaka kuondoka. Nasema kweli, nilitazama ilipo baiskeli. Miaka yote ile nilijenga kazi yangu na imani yangu juu ya mtu huyu. Mikono ile niliyoiona ikiosha maiti wa yule kijana, ikilowesha midomo ya mzee wa Nandagala, ndiyo hiyohiyo. Lakini nikaketi tena, labda kwa mazoea tu, maana yeye ndiye aliyenifundisha kutokuondoka.

"Dada yako anajua?"

"Anadhani mama alilala. Kila mwaka anamfanyia hitima, ananishukuru kwa jinsi nilivyomhudumia." Alihema. "Sasa nakwenda. Nimwambie, nisimwambie? Nakuuliza wewe. Mimi sina mtu mwingine wa kumwuliza."

Nilifikiri: ukimwambia, utautua mzigo wako kwa kumtwisha yeye. Nikafikiri pia: ni mama yake. Mwisho nikasema, "Mwambie. Nitakaa hapa." Mpaka leo sijui kama nilimshauri vema.

Akaita, "Dada."

Kinu kikanyamaza. Akaja akijifuta unga kwa khanga, anatabasamu, akidhani tunataka uji. Dresa akamwambia kwa maneno machache, yaleyale aliyoniambia, bila kujitetea.

Tabasamu lilichelewa kumtoka usoni, kana kwamba lilikuwa halijasikia. Kuku walipita katikati yetu.

"Siku ile nilikuwa porini nachimba ming'oko," dada akasema hatimaye. "Unajua kwa nini?"

Dresa akatikisa kichwa.

"Mama aliniagiza. Aliamka asubuhi akasema leo ana hamu ya kula ming'oko, yeye aliyekuwa hagusi chakula. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilikwenda mbali kwa furaha, nitafute mikubwa."

Dresa alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, na mimi nimekaa na watu wengi wenye uchungu. Dada yake hakumgusa. Aligeuka akarudi kwenye kinu, akatwanga, akatwanga, unga ukawa laini kama vumbi, naye bado anatwanga. Niliondoka jua likiwa bado juu, nalia juu ya baiskeli mpaka sioni njia.

Dresa alikufa miezi mitano baadaye. Nilifika siku ya tatu ya msiba. Uwanja wote wa Matambarale ulijaa watu wasiofahamiana, kutoka Nkowe, Mnacho, kila mahali, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amemjuaje marehemu. Dada yake aliponiona alinishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango.

"Ulipoondoka nilikaa siku saba bila kumsemesha," alisema. "Chakula nilikuwa namwekea mlangoni, naondoka. Nikawa nakikuta vilevile. Siku ya nane nikaelewa anafanya nini."

"Ukafanyaje?"

"Nilichukua sahani, nikaketi mbele yake. Nikamwambia, 'Kula. Mimi sitakufanyia ulivyomfanyia mama.'"

Yeye akatengeneza khanga yake kichwani, tayari kurudi kwa wageni.

"Akala?" nikauliza.

"Akala. Kila siku alikula mkononi mwangu, mpaka siku aliyoshindwa kumeza mwenyewe. Siku hiyo sikumlazimisha."